Siri ya Mchumba Wangu Ilianzia Shavuni

Jamani, wanawake tunajua kuchunguza. Mimi kabla sijamkubali huyu bwana nilishapekua simu yake mara mbili (naomba nisamehewe), nilishaulizia kwa wenzake wa kazini Geita kama ana mtoto wa nje, na dada yangu mkubwa alishafuatilia ukoo wao mpaka Kishapu, ambako baba yao alifanya kazi miaka mingi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui. Kila kitu safi. Kumbe siri yenyewe haikuwa kwenye simu wala kwenye ukoo. Ilikuwa mwilini mwake, na ilianza na shavu lililovimba wiki mbili kabla ya mitihani ya mwaka wa pili chuoni.

Naandika haya kwa ruhusa yake. Sharti lake lilikuwa moja tu: nisitaje jina lake wala chuo chake.

Ilikuwa mwaka 2022. Mimi ni afisa mikopo hapa Kahama, yeye ni fundi umeme kwa mkandarasi mmoja wa mgodini Geita. Washenga walishakuja nyumbani, ng'ombe wa mahari walishahesabiwa, na wewe msomaji kama umeishi Usukumani unajua kwamba ng'ombe wakishahesabiwa hakuna tena habari ya kubahatisha. Tarehe ya Juni ikapangwa. Hapo ndipo mwenzangu akaanza kupoa. Leo shifti imebadilika, kesho basi la Kakola limeharibika njiani, keshokutwa anaona bora tusogeze harusi hadi mwakani "tujipange vizuri". Nikajua tayari, kuna mwanamke Katoro.

Jumamosi moja jioni nikambana. Nikamwambia, kama una mtu sema, ng'ombe warudi kwenu kila mtu ashike njia yake. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Sina mtu. Ila sidhani kama naweza kukupa mtoto."

Chumba cha wanne, wanalala saba

Mwaka 2016 alikuwa anasoma Shinyanga. Hosteli yao mnaijua hata kama hamjafika: chumba cha watu wanne, wanalala saba, kwa sababu kuna wanaobebwa. Jagi moja la maji, vikombe viwili, kijiko kimoja cha uji kinachozunguka. Bumu likichelewa ndiyo kabisa, sahani moja ya wali maharage inaliwa na watatu.

Mmoja wa hao waliokuwa wanabebwa alitoka likizo Rwamgasa, alikokwenda kutafuta pesa kwenye karasha za kusagia mawe ya dhahabu. Vijana wengi wa vyuo vya huku hufanya hivyo, maana likizo ya wiki chache kwenye mwalo inaweza kulipa deni la ada au ikakurudisha na vumbi tu. Kule kambini nako wanalala mfululizo kama magunia ya pamba, kikombe kimoja, sigara moja. Yule kijana akarudi chuoni na mashavu yamejaa kama ameficha maandazi mdomoni. Wakamcheka. Matubwitubwi! Wengine wanayaita machubwichubwi. Ugonjwa wa watoto wa chekechea, leo umempata mtu mwenye ndevu.

Siku 17 baadaye mume wangu (naye hakuwa mume wangu bado) aliamka na maumivu chini ya sikio la kushoto. Akijaribu kutafuna, taya linagoma. Jioni shavu limeumuka na ndewe ya sikio imesukumwa juu. Ikafuata ya kulia. Naye wakamcheka. Akajifunga skafu, akaendelea kupiga buku, mitihani iko mlangoni.

Siku ya sita mashavu yalikuwa yanaanza kupungua, akadhani yamekwisha. Usiku huo homa ikampanda akatetemeka mpaka kitanda cha juu kikalalamika. Asubuhi korodani moja ilikuwa imevimba mara mbili ya kawaida, nyekundu, haiguswi. Alitembea kama mtu aliyepanda punda siku tatu.

Unafikiri alimwambia nani? Hakumwambia mtu. Kijana wa miaka 21 atamwambia nani habari hiyo? Alijikongoja hadi zahanati moja ya mtaani, na huko hakuulizwa habari za mashavu. Aliulizwa tu ana wasichana wangapi. Akaambiwa ni kisonono, akachomwa sindano, akaandikiwa vidonge, akaambiwa amlete mwenzake naye atibiwe. Akamwambia binti aliyekuwa naye wakati ule. Binti akalia, akapima, akaonekana hana kitu, akaondoka zake na hasira ya kuletewa ugonjwa wa zinaa na mtu anayejifanya mlokole. Na mimi simlaumu.

Mtihani akaufanya amekaa upande. Alipata sapu mbili. Nusura adisko.

Yakishuka chini

Maskani kuna usemi ambao wanaume wanaambiana kwa sauti ya chini: matubwitubwi yakishuka, umekwisha. Yeye aliusikia mwaka uleule kwa mlinzi wa hosteli, akaumeza, akaishi nao miaka sita. Korodani ile ilipopona ilibaki ndogo kuliko mwenzake, naye akaona huo ndio ushahidi. Kila uhusiano ulipoelekea kwenye ndoa, alitoroka. Mimi nilikuwa wa tatu.

Sasa niseme kweli yangu. Aliponieleza, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kile kisonono. Nilimtazama nikajiuliza kama hadithi ya mashavu ni ya kunifunika macho. Sikulala. Asubuhi nikampigia rafiki yangu wa sekondari ambaye ni daktari, nikajifanya naulizia habari za mteja. Akacheka, akaniambia mteja wako huyo aende akapime mbegu, na aende na mchumba wake.

Tukaenda Mwanza kwa mtaalamu wa njia ya mkojo na uzazi wa kiume. Yule mzee alitusikiliza kwa subira, akauliza mashavu yalianza lini na korodani ilivimba siku ya ngapi. Alipoambiwa siku ya sita akatikisa kichwa. Ndivyo yanavyokuwa, alisema. Virusi vya matubwitubwi vinapenda tezi. Vinaanza na tezi za mate, na kwa mwanaume aliyeshabalehe ambaye hajawahi kuugua wala kuchanjwa, kati ya watu 10 wawili au watatu hupata uvimbe wa korodani, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili baada ya mashavu. Mtoto mdogo wa kiume hapati shida hiyo. Ndiyo maana bibi zetu waliona ni ugonjwa mwepesi: waliuona kwa watoto. Mimi nilipougua nikiwa darasa la kwanza, bibi alinipaka masizi ya chungu mashavuni, nikakaa nyumbani siku chache nikila uji, basi. Kijana wa chuo anakutana na virusi vilevile, lakini mwili wake umeshabadilika.

Na si korodani peke yake. Kwa wanawake walioshabalehe, wachache hupata uvimbe wa ovari au wa matiti. Kwa wote, vinaweza kufika kwenye utando wa ubongo, kwenye kongosho, na mara chache sikio moja likapoteza usikivu moja kwa moja. Dawa ya kuua virusi hivyo hakuna. Ni kupumzika, maji mengi, vidonge vya maumivu, kitambaa cha baridi, na kwa korodani, chupi ya kushikilia vizuri.

Hapo daktari alimnyooshea kidole mwenzangu. "Ila kijana, korodani ikiuma ghafla, usikae hosteli ukisema ni matubwitubwi. Mshipa unaweza kuwa umejisokota, na hapo mnahesabu saa, si siku. Unakwenda hospitali siku hiyohiyo."

Kuhusu utasa alitutuliza, bila kutudanganya. Kwa kawaida unavimba upande mmoja tu. Karibu nusu ya korodani zilizovimba husinyaa kiasi. Idadi ya mbegu inaweza kushuka. Lakini kuwa tasa kabisa ni nadra, hata kwa waliovimba pande zote mbili. Miaka sita mwenzangu alikuwa amejihukumu kwa ushahidi wa mlinzi!

Vipimo vilifanyika mara mbili, vikipishana miezi mitatu, kwa kuwa mwili huchukua muda kama huo kutengeneza mbegu mpya. Idadi yake ilikuwa ya chini kidogo, mwendo wake mzuri. "Mnaweza," daktari alisema, "ila inaweza kuwachukua muda." Harusi ikasogea hadi Oktoba. Mahari haikurudi.

Muda ulichukua kweli. Mwezi wa sita wa ndoa mama mkwe akanipigia. Nikamwamkia kwa heshima zote, akaitika, akauliza hali ya kazi, hali ya mvua Kahama, halafu, "Mwanangu, mbona kimya?" Mwezi wa nane akauliza tena. Mwenzangu hakuwahi kumwambia mama yake kilichotokea Shinyanga, na mimi sikuwa na ruhusa ya kusema, kwa hiyo ule ukimya ulibaki ukiitwa wangu. Wanawake mnaosoma hapa mnanielewa. Binti yetu alizaliwa Machi 2024.

Kadi ya kliniki

Desemba 2024 nilimpeleka mtoto kliniki, miezi tisa imetimia, sindano ya surua-rubela. Nikiwa kwenye benchi nilikuwa nasoma kadi yake kwa makini, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Kifua kikuu, ipo. Polio, ipo. Pepopunda, kifaduro, dondakoo, homa ya ini, zipo. Nimonia, kuhara, surua, rubela. Nikarudia tena kutoka juu. Nikamuuliza nesi, "Samahani dada, na matubwitubwi?"

"Hiyo haimo, mama."

Nilishangaa kama mtu aliyekuta hela imepungua kwenye droo. Siku zote nilidhani sisi tuliochanjwa tumechanjwa vyote. Chanjo inayozuia matubwitubwi ipo duniani tangu 1967, na historia yake ni ya nyumbani kabisa. Machi 1963 huko Philadelphia, Marekani, mtoto wa miaka mitano aitwaye Jeryl Lynn aliamka usiku akamwambia baba yake koo linauma. Baba huyo, Maurice Hilleman, alikuwa mtafiti wa chanjo. Aligusa taya la mtoto akajua ni nini, akachukua pamba, akampangusa kooni, akaipeleka maabara. Virusi vile vilipunguzwa makali taratibu, na chanjo iliyotokana navyo inaitwa kwa jina la mtoto huyo mpaka leo. Mdogo wake Jeryl Lynn alikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza kuchanjwa nayo. Mwaka 1971 ikaunganishwa na za surua na rubela kuwa sindano moja, MMR.

Sisi Tanzania mwaka 2014 tulianza kutumia yenye mbili, surua na rubela. Oktoba mwaka ule kulikuwa na kampeni kubwa nchi nzima, watoto wa kuanzia miezi tisa hadi chini ya miaka 15. Wengi mnaikumbuka, foleni mashuleni, wino kidoleni. Na hapo ndipo moyo wangu uliporuka, kwa sababu nina shemeji.

Mdogo wake mume wangu alizaliwa 2004. Mwezi mmoja kabla ya siku ile ya kliniki alikuwa ameripoti chuoni, Shinyanga hiyohiyo. Nilimpigia nikiwa bado kwenye benchi la kliniki.

"Shemeji, umewahi kuugua matubwitubwi?"

"Hapana shem. Ila mimi nimechanjwa, ile ya shuleni, nikiwa darasa la tatu au la nne."

"Ile ilikuwa surua na rubela."

"Kwani si zote moja?" Halafu akaongeza, akicheka, "Ila hapa bweni la pili kuna jamaa ana mashavu kama kocho."

Kwa nini haimo?

Wengine mtakimbilia kulaumu serikali. Mimi pia nilianza hivyo, mpaka yule rafiki yangu daktari aliponirudisha darasani. Chanjo ya matubwitubwi ina mtego wake. Ukichanja nusu ya watoto, virusi havikomi, vinapunguza tu mwendo. Yule ambaye hakuchanjwa, badala ya kuugua akiwa na miaka sita, anaugua akiwa na miaka ishirini, umri ambao korodani na ubongo viko hatarini zaidi. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2007 kwamba nchi iingize chanjo hii ikiwa inaweza kufikia na kubaki juu ya asilimia 80 ya watoto, na ikiwa ugonjwa huo ni kipaumbele kwake. Nchi yenye surua inayoua watoto itaanza na surua. Hilo nalielewa. Kwenye mikopo pia tunaanza na deni linalouma zaidi.

Lakini kulielewa hakumsaidii kijana aliyeko bweni la pili.

Wenzetu waliona mtego huo kwa macho. Uingereza walianza MMR mwaka 1988, na vijana waliozaliwa miaka michache kabla wakapitiwa katikati: wakubwa mno kuipata, wadogo mno kuwa wameugua kama kaka zao. Kundi hilo likakua, likaingia vyuoni, likalala mabwenini. Mwaka 2005 peke yake England na Wales ziliripoti wagonjwa zaidi ya 43,000, wengi wao vijana wa umri wa chuo. Marekani mwaka 2006 waliugua zaidi ya 6,500, mlipuko ulioanzia vyuo vya Iowa. Na hao wa Marekani wengi walikuwa wamechanjwa mara mbili! Ndiyo, nasema na hilo, maana sipendi makala za afya zinazouza chanjo kama sabuni. Dozi moja huzuia matubwitubwi kwa takriban asilimia 78, mbili kwa asilimia 88, na kinga hupungua miaka ikienda. Waliochanjwa wakiugua, mara nyingi wanaugua kidogo, na korodani hazisumbuliwi kama za wasiochanjwa. Mwaka wa masomo 2015 hadi 2016 Chuo Kikuu cha Iowa kilitoa dozi ya tatu wakati wa mlipuko. Waliopata tatu waliugua chini ya 7 kwa kila 1,000, waliobaki na mbili zaidi ya 14.

Sababu ya vyuo kuwa shamba lake ni rahisi. Virusi vinasafiri kwa mate. Mtu anaanza kuambukiza siku mbili hivi kabla shavu halijavimba, na anaendelea hadi siku tano baada ya hapo. Tena baadhi ya wanaoambukizwa hawavimbi kabisa, wanakohoa kidogo tu, wanaendelea kunywea jagi lilelile na kubusu walewale. Bweni, kambi ya jeshi, kambi ya wachimbaji, meli: kwenye ugonjwa huu ni kitu kimoja.

Safari ya Mwanza

Usiku ule tuligombana. Desemba mnajua ilivyo: kodi ya nyumba, nguo za sikukuu, michango mitatu ya harusi za watu. Mimi nikapiga hesabu kama kawaida yangu. Dozi mbili kutoka mfukoni, nauli mara mbili, na labda kijana ameshaambukizwa tayari, kwa sababu ukishakuwa na virusi mwilini chanjo haivizuii, inakukinga na mwenye mashavu atakayefuata. Nikasema tusubiri mwezi wa tatu. Mwenzangu aliniacha nimalize. Akasema, "Mimi nililipa miaka sita. Hiyo uiweke kwenye hesabu yako." Akaenda kulala.

Tulipiga simu siku nne. Kahama hamna. Geita hamna. Sehemu moja walisema ipo, kumbe wanamaanisha ile ya surua-rubela. Hili mliangalie, ulizeni neno kwa neno: MMR, yenye matubwitubwi ndani. Hatimaye hospitali moja binafsi Mwanza wakasema wanaiagiza, tuweke miadi. Usikubali kuletewa kwenye mfuko na dereva wa basi, maana inataka baridi kati ya nyuzi 2 na 8 tangu ilikotoka mpaka begani kwako.

Maswali yao yalikuwa mengi, na nawaandikia kwa sababu wengi mnaosoma hapa ni wachumba. Hii ni chanjo ya virusi hai vilivyopunguzwa makali. Mjamzito hapewi, na mwanamke akishachomwa anasubiri wiki nne kabla ya kubeba mimba. Mwenye kinga iliyoshuka sana, awe kwenye tiba ya saratani au anaishi na VVU na kinga yake iko chini, anaongea na daktari wake kwanza. Vilevile aliyewahi kupata mzio mkali wa dozi iliyopita, au aliyeongezewa damu karibuni. Asiyejua kama alishachanjwa au kuugua anaweza kuchanjwa tu, ya ziada haidhuru. Dozi ya pili inafuata baada ya siku zisizopungua 28, kwa hiyo anayekwenda chuo Oktoba aanze Agosti, asingoje shavu la jirani. Na bibi harusi mtarajiwa anapata faida nyingine hapohapo: rubela, ambayo kwa mtu mzima ni vipele tu, ikimpata mimba ikiwa changa inaweza kumzaa mtoto asiyesikia au mwenye tatizo la moyo.

Shemeji hakuvimba. Yule jamaa wa bweni la pili alikaa kwa mjomba wake siku tano, akarudi. Wenzake watatu wakavimba Januari. Dozi ya kwanza shemeji aliipata katikati ya Januari 2025. Ya pili Februari, na safari hiyo mume wangu alisema anakwenda mwenyewe. Akatoka Geita alfajiri, akakaa foleni ya kivuko Busisi (hilo daraja tunalojivunia leo lilifunguliwa Juni mwaka huo), mdogo wake akaja na basi la Shinyanga, wakakutana hospitalini.

Alirudi Kahama usiku wa Jumapili. Nikampakulia, nikakaa mbele yake.

"Amechomwa?"

"Amechomwa. Tukaenda kula sato pale karibu na ziwa. Akaniuliza, kaka, kwani wewe ilikuwaje, mbona umekomaa hivi na sindano? Nikamwambia."

"Yote?"

"Yote. Hata ya zahanati. Hata ya yule binti."

Nikangoja. Akawa anachambua mifupa ya samaki niliyempakulia kama vile ni kazi ya mshahara.

"Sasa akasemaje?"

"Aliniangalia muda. Halafu akauliza kama kichwa cha sato wangu nakimaliza au akimalizie yeye."